MJADALA: Kano ya kisigino ikikatika, ni lazima kupasuliwa?

Beki Mstaafu: Wakuu, kila msimu wa bonanza la maveterani hakosekani mmoja wetu wa kuanguka peke yake uwanjani. Anageuka kumtafuta aliyempiga teke kisiginoni, hakuna mtu. Kano, ile kamba ngumu inayounganisha msuli wa shavu la mguu na kisigino, imekatika. Baada ya hapo daftari la michango linazunguka, hela za upasuaji. Mimi napinga. Utafiti wa Norway wa mwaka 2022, wagonjwa zaidi ya 500, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa na wasiopasuliwa walitumia mguu sawasawa. Sasa tunachangishana za nini?

Nesi wa Zamu: Mkuu, umesoma nusu. Utafiti huohuo unasema kano ilikatika tena kwa asilimia 6.2 ya wasiopasuliwa. Waliopasuliwa ni 0.6 tu. Kisu nacho kina yake, sikatai: mishipa ya fahamu iliumia kwa asilimia 2.8 ya waliochanwa wazi, na 5.2 ya waliopasuliwa kwa matundu madogo. Lakini wale wasiopasuliwa hawakurudishwa nyumbani na panadol. Walifungwa plasta wiki 2, vidole vikielekea chini ili ncha za kano zisogeleane, halafu wiki 6 za kiatu tiba chenye kabari chini ya kisigino, zikipunguzwa moja moja. Huku kwetu mtu anakuja mwezi umepita, ameshachuliwa na mafuta ya moto mpaka basi. Huyo naye tumfunge plasta tusubiri?

Winga Teleza: Kinachowachelewesha ni ile "msuli umeshtuka tu, utapoa". Mlazeni kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, mumminye shavu la mguu. Unyayo usipocheza, hospitali leoleo. Na muulizeni kama alikuwa anameza cipro, ile antibayotiki; tangu 2008 Marekani wameweka onyo kali kwamba dawa za jamii hiyo zinaweza kukata kano, na huku tunazinunua dukani kama pipi.

Beki Mstaafu: Nesi, aliyechelewa nakuachia. Nazungumzia anayefika siku ileile, hasa mwenye kisukari au mvuta sigara, ambaye kidonda cha pale nyuma kitamsumbua kufunga. Kwa nini huyo akimbizwe chumba cha upasuaji kabla hajaelezwa kwamba kuna njia mbili? Kuna yeyote humu aliyepewa nafasi ya kuchagua?