Salum anataka kuhamia Chole

*Kikundi: Watoto wa Bi Mkubwa. Ijumaa, baada ya Isha.*

Salum (Mbagala): Assalaam alaykum ndugu zangu. Shikamoo mjomba, shikamoo dada Zuhura. Nina jambo, na nimeshaongea na mama Twaha kabla sijalileta hapa. Nataka tuhame, turudi kisiwani kwetu Chole, Mafia. Tangu tuondoke huko Disemba sijatulia. Kile kiwanja cha marehemu baba pale ufukweni nimekipiga picha, kila nikiamka naitazama. Asubuhi maji kama kioo, ngalawa zinatoka moja moja, popo ndiyo kwanza wanarudi mtini kulala. Huku nikifungua dirisha naona ukuta wa jirani na vumbi la daladala. Kodi imepanda tena. Na Bi Mkubwa anazeeka, wanangu hawamjui bibi yao isipokuwa kwa simu.

Mjomba Shabani: Waalaykum salaam. Marahaba baba. Nimesoma. Ngoja nimalize kula nije vizuri.

Idi (Muscat): Maashallah kaka. Mimi mwaka wa sita sijaiona Chole, na nikiziona picha zako roho inauma. Lakini nitasema kweli: mimi nilitoka kwa sababu nilikuwa na nazi, mshipi na deni. Kwanza tuambie utakula nini.

Salum: Mimi fundi friji, Idi. Friji ziko kila mahali.

Dada Zuhura (Kilindoni): Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi, nisiseme uongo. Ila naomba unisikilize mimi ninayeishi huku. Wewe umeiona Mafia ya Disemba. Ulishuka Kilindoni bahari imelala, mkapanda boti mkaenda kuwaona papa potwe, watoto wakapiga kelele za furaha, mkala pweza wa nazi, mkaondoka. Papa potwe wenyewe wanakuja Oktoba, ikifika Machi ukiwaona una bahati. Wageni nao ni hivyo hivyo. Mafia ya kusi, ule upepo mkali wa katikati ya mwaka, hujaiona tangu ulipokuwa darasa la tano.

Salum: Kusi nalikumbuka dada.

Dada Zuhura: Unalikumbuka kama mtoto. Mtoto akiambiwa boti haziondoki anafurahi, hakuna shule. Mimi nalikumbuka hivi. Mimba ya Asha nilikuwa Chole kwa mama. Uchungu umenishika usiku wa manane, mwezi mpevu, bamvua, maji yanakupwa mno. Nesi akanipima, akasema mtoto amekaa vibaya, twende Kilindoni hospitali ya wilaya. Utende unaiona kabisa pale ng'ambo, taa zinawaka. Lakini maji yamekupwa, mashua imelala ubavu kwenye tope, na upepo unavuma wa kukung'oa kilemba. Tumekaa pale bandarini nimelala kwenye mkeka, mama ananishika kichwa, tunasubiri bahari ijae. Kusubiri maji yajae na mtoto yuko njiani, wallahi sitaki hata adui yangu apitie.

Rehema (mke wa Salum): Subhanallah dada, hii sijawahi kuisikia.

Dada Zuhura: Sasa nimalizie, maana nikiishia hapo nitakuwa nimekidhulumu kisiwa. Hakuna aliyeitwa. Mama alipita na kandili tu, milango ikafunguka. Wanaume sita walininyanyua na ule mkeka, wakaingia tope mpaka mapajani, wakatembea hivyo mpaka penye maji, wakasimama wamenishikilia mpaka ngalawa ndogo ikaweza kuelea. Mmoja wao alikuwa hasemi na baba yetu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Ng'ambo gari lilikuwa linangoja, lile la kubebea samaki. Asha akazaliwa saa mbili asubuhi. Kwa hiyo ukiniuliza kuishi mbali na mji ni kuzuri au kubaya, jibu langu ni usiku huo huo mmoja.

Asha (Chole): Mama 😭 hukuwahi kuniambia habari ya wale wanaume.

Mjomba Shabani: Wawili wameshatangulia mbele ya haki. Mmoja ni mimi.

Rehema: Shikamoo mjomba. Mimi nina la kwangu, na Salum analijua. Twaha ana pumu. Huku akibanwa usiku tunashika bajaji, dakika kumi tumefika. Disemba hiyo hakukohoa hata mara moja, siku kumi na nne, na mimi nilihesabu. Hewa ile ni dawa kwake, naona kwa macho yangu. Lakini usiku mmoja tu akibanwa kama dada alivyosimulia, nitafanyaje? Hapo ndipo ninapokwama. Sina neno na Chole, naogopa yale maji ya katikati.

Dada Zuhura: Umesema sawa kabisa mama Twaha, na Salum usimpite hapo haraka.

Salum: Simpiti. Ndiyo maana nimelileta hapa, sijafungasha.

Mjomba Shabani: Sasa niseme la kiwanja. Baba yako alikuwa na akili, Salum. Kile cha ufukweni alikiacha cha kuanikia nyavu, nyumba akajenga ndani, nyuma ya minazi. Unadhani hakuona kwamba pale pazuri? Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotuingilia, nilikuwa macho. Kimbunga si upepo wa kawaida, kinanguruma kama lori lisilofika. Kulipokucha, mnazi umelala juu ya jiko la mama yako, na mabati ya jirani tumeyaokota kwenye mikoko. Ile nyumba ya mawe na chokaa haikudondoka hata kipande. Pale unapopapigia picha maji yalipanda. Mikwaju miwili imekwenda.

Idi: Na sheria pia haikuruhusu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nilifuatilia nilipotaka kujenga mimi. Kile kiwanja chote kinaishia humo humo kwenye mita 60.

Salum: Hilo la sheria sikulijua. Basi nyumba ya baba nitaikarabati, hata dirisha la baharini haina lakini naikubali.

Dada Zuhura: Tuje kwenye kazi. Idi kauliza, na wewe umejibu harakaharaka. Nimekaa leo nikapiga hesabu kwa ajili yako. Chole penyewe friji za kutengeneza hazitakulisha mwezi mzima. Kazi iko huku Kilindoni, kwenye barafu. Samaki, pweza na kamba wote wanaokwenda Dar wanahitaji barafu, na friji hapa zinakufa mapema kuliko kwenu kwa sababu ya chumvi. Hewa tu inakula mabomba. Fundi mzuri anatafutwa, lakini kompresa ikifa unaiagiza Dar, inakuja kwa basi mpaka bandari ya Nyamisati, ndipo ivuke. Kusi likichafuka mteja anakusubiri na samaki wake wanaoza. Kwa hiyo usije na vifaa vya kazi peke yake, uje na akiba ya vipuri. Saruji, soda, daftari la mtoto, vyote vimelipiwa nauli ya bahari kabla hujavishika.

Salum: Dada hapo umenipa kitu. Vipuri ninavyo, nusu ya chumba ni vipuri.

Asha: Mjomba Salum, na maji usisahau kushukuru. Sisi tuna visima. Wenzetu wa kisiwa cha Jibondo miaka mingi maji ya kunywa waliyafuata kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa. Nina rafiki yangu kule, siku ya upepo walikuwa wanakunywa kwa kupima. Na shule ya msingi ipo hapa karibu, ila sekondari ni kuvuka.

Rehema: Asha, mtandao ukoje? Nina wateja wangu wa nguo, oda zote zinaingia kwenye simu.

Asha: Ukisimama upande wa Utende unashika vizuri shangazi. Nyuma ya kisiwa hakuna kitu. Cherehani cha mguu usikiache, umeme usiutegemee.

Asha: Bibi ameniambia nimsomee meseji zote kuanzia mwanzo. Amezisikiliza zote. Anasema, naandika kama alivyosema: "Salum mwanangu, usije kwa ajili yangu. Mimi nina Asha, nina jirani, nina Mungu. Mkeo akija hataki, atakaa bandarini kila siku anatazama Utende, na mtu wa namna hiyo kisiwa kinamla. Nimemwona mmoja. Wewe unasema bahari nzuri. Mimi miaka yote naitazama kama mwenzako anavyotazama saa, nijue nani atavuka na nani atalala. Mkeo akiweza kuitazama hivyo, aje."

Rehema: Mfikishie shikamoo Bi Mkubwa. Mwambie nimelia kidogo.

Salum: Shikamoo mama. Nimesikia.

Mjomba Shabani: Rai yangu ni hii. Msihame. Njooni likizo ya mwezi wa sita, kusi limeshashika. Sio wiki, likizo nzima. Lala nyumba ya baba yako, sio kwa dada yako Kilindoni. Vuka na mashua ya watu wote, kwa maji ya watu wote. Tengeneza friji mbili tatu uone wanalipaje na wanalipa lini. Mama Twaha akae na nesi wa zahanati amwulize dawa za mtoto zipo au hazipo, amwulize na gari la usiku ni la nani. Disemba kisiwa kinakukaribisha wewe na kila mtu. Juni kinakuonyesha kitanda chako.

Rehema: Hilo nakubali mjomba. Juni naweza. Nitabeba dawa za kuvuta za Twaha mara mbili ya zinazohitajika. Na Salum nataka uniahidi mbele ya hawa: nikisema hapana baada ya Juni, tutabaki Mbagala na hutaninunia.

Salum: Nimeahidi. Mjomba na dada ni mashahidi. Na wewe ukisema ndiyo?

Rehema: Nikisema ndiyo nataka dirisha la baharini litobolewe.

Mjomba Shabani: Ukuta ule ni wa mawe, dhiraa moja na zaidi. Nitatafuta fundi.

Dada Zuhura: Nauli ya kivuko ya watoto juu yangu. Mkifika Rangi Tatu pandeni basi la alfajiri, mkichelewa kupinda Bungu mtalala Nyamisati, na mbu wa pale si wa kuzoea.

Asha: Bibi anasema mkija mumletee rangi za ukindu, zambarau na kijani. Za huku zimeisha na ana mkeka umefika katikati.

Rehema: Zambarau na kijani. Nimeandika.