Naomba ushauri: mwenyekiti wa chama hataki tuone hesabu

Habari zenu ndugu na dada. Mimi ni katibu wa chama cha majirani 24 hapa Umoja, Nairobi. Kila mmoja hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwenyekiti ni mzee tunayemheshimu, tena bila yeye chama kisingekuwepo. Ila tangu Januari anatoa pesa benki peke yake, kwa sababu mweka hazina alimwachia cheki zilizotiwa sahihi “kurahisisha kazi” (kosa letu, najua).

Nilimwomba taarifa ya benki kando, akasema namkosea adabu. Nikauliza mkutanoni, kimya. Usiku watu wawili wakanipigia simu kuniunga mkono. Usiku!

Na hao hao ndio huwasomea wanasiasa Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, kwamba madaraka ni dhamana.

Tumesajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022. Je, niende moja kwa moja kwa afisa wa maendeleo ya jamii, au kwanza niitishe mkutano maalumu? Na hawa wa usiku, nitawashawishi vipi waseme mchana?