Pikapu na SUV za umeme: ushindani gani huu wa kupandisha bei?

Wakuu, hawa watengenezaji wamenichosha. Kila kukicha tunaambiwa ushindani umepamba moto, mteja akae mkao wa kula, bei zinashuka. Zimeshuka wapi?

Novemba 2019 Tesla walipanda jukwaani na pikapu yao ya umeme, Cybertruck, ya kuanzia dola 39,900. Vioo walivyovisifia vikapasuka kwa gololi ya chuma palepale, na bado watu wakaweka oda. Mwisho wa 2023 ndiyo wanaanza kukabidhi magari, na la bei ya chini kati ya yaliyokuwa tayari ni dola 79,990! Mara mbili! Na ile waliyoahidi ya kwenda maili 500 kwa chaji moja iko wapi?

Ford hivyo hivyo. Pikapu yao ya umeme, F-150 Lightning, ilitangazwa 2021 chini ya dola 40,000, 2023 ikafika karibu 60,000, halafu wakapunguza hadi kama 50,000. Eti tushangilie punguzo.

Ila Rivian, kampuni ya Marekani ya pikapu na SUV za umeme, walitia fora. Machi 2022 walipandisha bei hadi kwa watu waliokwisha kuweka oda. Watu walipokuja juu ndipo wakaomba radhi na kuwarudishia bei ya awali. Wangenyamaza je?

Kinachoshindaniwa ni ukubwa na mbio. Hummer ya umeme ina uzito wa zaidi ya tani nne, betri peke yake inapita tani moja. Nani aliwaomba? Kazi yenyewe ya pikapu ndiyo inawashinda: funga tela zito uone umbali unavyoshuka karibu nusu. Ukifika kwenye chaja, nafasi nyingi zimepimwa kwa gari dogo. Unafungua tela, unaliacha pembeni, unachaji, unarudi kulifunga upya, na mvua inakunyeshea. Kwenye matangazo hilo hulioni.

Wengine ndiyo hao wanafilisika. Lordstown wa pikapu 2023, Fisker wa SUV 2024, na walionunua SUV za Fisker ziitwazo Ocean wakaachwa solemba.

Aprili 2025 kampuni changa ya Marekani, Slate, wakaleta pikapu ndogo ya viti viwili, chini ya dola 20,000. Nikasema afadhali. Kumbe hesabu yao ilishakata nafuu ya kodi ya Marekani kwa wanunuzi wa magari ya umeme ya dola 7,500, na nafuu hiyo ikafutwa mwisho wa Septemba mwaka huohuo.

Sasa atakayekuja hapa kuniambia nivute subira, anitajie kwanza kampuni moja iliyouza pikapu ya umeme kwa bei ileile iliyotangaza siku ya uzinduzi.