Naomba ushauri: silali, vipimo vyote safi, daktari ananipeleka kitengo cha akili

Msukuma wa Tegeta: Wakuu habari za usiku, naombeni ushauri maana nimefika mwisho. Nina kazi nzuri, mke, mtoto mmoja, nyumbani amani tele. Tatizo silali. Ikifika saa nane nashtuka moyo unaenda mbio, jasho linachuruzika, mlango ukibamizwa hata kwa jirani natetemeka mpaka mke wangu ananishika mikono. Nimepima presha, sukari, taifodi, moyo, vyote safi. Daktari kaniandikia niende kitengo cha afya ya akili, hapo ndo tumeachana, mimi si chizi na kazini wakisikia nimekwisha. Nitajieni dawa ya usingizi ya kununua dukani isiyo na madhara.

Mzee wa Tabora: Pole kijana. Kitu cha saa nane si cha hospitali hicho. Mimi nilipofungua duka Urambo nilikuwa nakabwa kila usiku, kumbe jirani. Nikasimama kwenye maombi likaisha, na duka lipo mpaka leo.

Kibanda Umiza: Punguza simu usiku mkuu. Nimeweka kambi, ngoja waje wataalamu.

Nesi wa Zamu: Kaka usinunue diazepamu kiholela, mwili unaizoea na kuiacha inakuwa kazi. Nijibu, ilianza lini, na kipindi hicho kilibadilika nini hapo nyumbani?

Msukuma wa Tegeta: Hakuna kilichobadilika. Labda baada ya Pasaka, baba mdogo alipohamia kwetu. Amepooza upande mmoja.

Nesi wa Zamu: Huyo baba mdogo mliishi vipi zamani?

Msukuma wa Tegeta: Ndo kanilea, mzee alifariki nikiwa la pili. Alikuwa mkali. Ananichapa na waya wa umeme, siku nyingine ananifungia stoo ya mkaa mpaka asubuhi, na mkewe anakula kichapo sisi tunaangalia. Ila kanisomesha, na ukoo umekaa kikao ukaamua nimchukue mimi, ningekataaje? Nimeshamnunulia kitanda, analala chumba kimoja na mwanangu. Mkono wenyewe haufanyi kazi, atampiga nani sasa?

Mzee wa Tabora: Sisi wote tulichapwa na tumekuwa watu.

Binti Pangani: Mzee wangu shkamoo, lakini hapana. Mimi nimelelewa na shangazi, nikichelewa na maji nalala njaa. Leo friji limejaa na bado naficha mkate kabatini, siwezi kuacha.

Nesi wa Zamu: Mzee, kweli tumechapwa wengi. Utafiti wa kitaifa wa 2009 hapa Tanzania ulikuta karibu robo tatu ya vijana walipigwa kabla ya miaka 18. Kuwa wengi hakufanyi kidonda kisiume. Marekani, madaktari watafiti Felitti na Anda walichapisha mwaka 1998 matokeo ya watu zaidi ya 9,500, wakiuliza mambo ya utotoni kama kipigo, matusi, kumuona mama anapigwa. Waliopitia aina nne au zaidi, ukiwalinganisha na wasiopitia hata moja, hatari ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi 12. Hiyo ni hatari, si hukumu, wengi wanapona. Mtoto anayekaa na vitisho ubongo wake unajifunza kukaa macho, akikua hauzimi wenyewe. Na kaka, aliyekufundisha kuogopa mlango umemleta ndani.

Jicho la Tai: Hii chai. ID mpya, mwanzo amani tele, sasa kuna baba mdogo, waya, stoo ya mkaa. Tukisubiri kesho atatoka na jini.

Kibanda Umiza: Hata mimi nimeanza kuhesabu vikombe.

Binti Pangani: Acheni hizo. Mtu wa namna hii husimulia vipande vipande, mimi mume wangu nilimwambia baada ya kuzaa mtoto wa pili.

Msukuma wa Tegeta: Jicho la Tai sijaja kutafuta laiki, mke wangu mwenyewe hajui habari ya stoo na nimeandika hapa kwa sababu hamnijui, na kama unataka kujua zaidi mwanangu wa miaka saba ameanza kukojoa kitandani, yule mzee mkono umekufa lakini sauti ni ile ile, akiita mtoto mimi ndo naitika.

Nesi wa Zamu: Mtoto ahame chumba hicho usiku huu, hilo halingoji kikao. Kliniki faili ni siri, mwajiri haambiwi. Si lazima upewe dawa, kuna matibabu ya kuongea.

Binti Pangani: Kwani baba mdogo hana watoto wa kuzaa?

Msukuma wa Tegeta: Anao watatu. Wote walikataa kumpokea, hata hospitali hawakuja.

Nesi wa Zamu: Umesikia ulichoandika? Wao walikua nyumba hiyo hiyo. Wapigie, mchange apangiwe chumba na mtu wa kumhudumia, hivyo hujamtupa. Na Jumatatu nenda kliniki na mkeo.

Msukuma wa Tegeta: Mtoto nimemleta chumbani kwetu, amelala. Jumatatu nina kikao kazini. Jumatano.