Upana sahihi wa mapazia ya kushonesha: mafundi watatu, majibu matatu

Mwenye Nyumba, Kiamunyi

Hamjambo nyote. Tumehamia nyumba yetu hapa Kiamunyi, Nakuru, na ninataka kushonesha mapazia ya sebule na ya chumba cha kulala. Yale niliyokuwa nayo katika nyumba ya kupanga yalishonwa kwa upana uleule wa dirisha. Yalipofungwa yalinyooka kama shuka iliyoanikwa kambani, bila hata rinda moja, na kila alfajiri mwanga ulipenya kando zote mbili. Sitaki kurudia kosa hilo, kwa kuwa kitambaa kikishakatwa hakiongezeki.

Nimewauliza mafundi watatu. Mmoja amesema nizidishe upana wa dirisha mara mbili, wa pili amesema mara moja na nusu yatosha, na wa tatu ameniambia ninunue mita 3 kwa kila dirisha bila hata kuuliza dirisha lina ukubwa gani. Dirisha la sebule lina upana wa mita 1.8, nami nataka mapazia mawili yenye marinda, ya kutundikwa kwa kulabu, yatakayoshuka mita 2.3 hadi sakafuni. La chumbani lina mita 1.5, linatazama magharibi, na upande wake wa kushoto zimebaki sentimita 7 tu kabla ya kabati lililojengwa ukutani. Nianzie wapi?

Fundi wa Mapazia, Kisumu

Karibu nyumba mpya, ndugu yangu. Anza kwa kuliacha dirisha kando, kwa sababu pazia halivai dirisha, linavaa fimbo. Ukipima kioo peke yake, hesabu yoyote itakayofuata itakuwa pungufu, na hiyo ndiyo sababu ya ule mwanga wa alfajiri. Fimbo inapaswa kulizidi dirisha kwa sentimita 15 hadi 20 kila upande, ili pazia lifunike kingo na pia lipate mahali pa kukaa linapofunguliwa.

Kwa sebule yako, basi, fimbo ni sentimita 220. Ongeza mapazia yanapokutana katikati, ambapo ninapenda yapishane kwa sentimita 10 ili pasiachwe ufa, kisha ongeza sehemu inayorudi ukutani kutoka ncha ya fimbo, ambayo kwa vishikio vingi ni kama sentimita 8 kila upande. Jumla ni 246. Upana huu ndio unaozidishwa ili kupata marinda. Kwa kitambaa cha uzito wa kadiri kinachokunjwa kwa mkanda wa marinda unaoshonwa juu ya pazia, mara mbili inatosha na inapendeza, kwa hiyo mapazia mawili kwa pamoja yawe na sentimita 492. Shia, yaani kile kitambaa cha pazia kinachopitisha mwanga, ni nyepesi na hulegea, hivyo ipe mara mbili na nusu au hata tatu, la sivyo itaonekana kama chandarua kilichovutwa.

Sasa jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi: upana wa kitambaa chenyewe dukani. Kipo chenye upana wa mita 1.5 na kipo cha mita 2.8. Kile cha 2.8 hulazwa ubavu, upana wake ukawa urefu wa pazia, na wewe unanunua mita kulingana na upana unaoutaka. Pazia lako la mita 2.3 pamoja na mapindo ya juu na chini linaenea humo bila shida. Ongeza sentimita 5 kwa kila moja ya pindo nne za pembeni, utafika 512. Nunua mita 5.2. Ukichagua cha mita 1.5, utahitaji vipande vinne vya sentimita 255 kila kimoja (urefu wa pazia pamoja na mapindo), yaani mita 10.2. Kwa hiyo usilinganishe bei ya mita moja kwa mita moja. Linganisha bei ya dirisha zima. Na kabla ya kulipa, lalisha jora hilo ubavu uone kama maua bado yamesimama.

Mkaazi wa Kakamega

Ninakubaliana na fundi juu ya fimbo, ila ningependa kuongeza tahadhari kuhusu kuzidisha. Niliwahi kuagiza kitambaa kizito chenye bitana na nikasisitiza mara mbili na nusu, nikidhani kwamba wingi ndio uzuri. Yalipofunguliwa, mapazia yalirundikana kila upande hata yakafunika karibu theluthi ya kioo, na chumba kikawa na giza mchana kutwa, jambo lisilovumilika huku kwetu ambako mawingu ya mvua hutanda alasiri nyingi. Fimbo nayo ilipinda katikati hadi tukaongeza kishikio cha tatu. Kitambaa cha aina hiyo kingenitosha kwa mara moja na robo tatu. Na yeyote atakayechagua ringi, yale matundu ya kitambaani ambayo fimbo hupita ndani yake, badala ya kulabu, mara moja na nusu hadi mbili inafaa, mradi idadi ya ringi katika kila pazia iwe shufwa, ili kingo zote mbili zitazame ukutani.

Mwenye Nyumba, Kiamunyi

Ninawashukuru sana. Kitambaa nilichokipenda ni cha 2.8 na si kizito, kwa hiyo nitabaki na mara mbili. Je, lile dirisha la chumbani lenye kabati?

Fundi wa Mapazia, Kisumu

Hilo usiligawe mapazia mawili. Pazia la kushoto halingekuwa na mahali pa kukaa, lingebaki juu ya kioo siku zote. Weka pazia moja la kuvutwa kulia. Upande wa kushoto fimbo iishie kwenye kabati, na upande wa kulia uizidishe hadi sentimita 45, kwa kuwa rundo lote litakaa huko. Fimbo itakuwa 202. Ongeza 8 za kurudi ukutani upande wa kulia tu, upate 210. Mara mbili ni 420, na pindo mbili za pembeni zinafikisha 430. Mita 4.3, basi. Kwa kuwa jua la jioni litalipiga moja kwa moja, litie bitana, maana jua huchosha rangi na kuuoza uzi kabla kitambaa chenyewe hakijachakaa. Kama kina pamba, kifuliwe au kiloweshwe kwanza, kwa sababu pamba hunywea, na upana tulioupigia hesabu utapotea katika ufuaji wa kwanza.

Mwenye Nyumba, Kiamunyi

Nimefunga fimbo ya sebule leo kabla ya kwenda dukani. Imetoka sentimita 216 badala ya 220, kwa sababu ya nguzo ya zege iliyokataa kutobolewa. Nibadilishe hesabu?

Fundi wa Mapazia, Kisumu

Ndiyo, mwambie fundi wako 216, wala asishone kwa ile ya zamani. Ukiongeza 26 na kuzidisha utapata 484, na pamoja na mapindo 504. Mita 5.2 bado zinatosha, na kipande kitakachobaki akushonee vifungio viwili vya kushikia mapazia mchana.