Mrejesho: Binti yangu na tarumbeta, Kisumu

Habari zenu wandugu. Niliwauliza hapa kama binti yangu wa gredi ya pili aanze na tarumbeta yangu ya zamani, ile niliyoipuliza kwenye bendi ya shule tukijiandaa kwa Madaraka Dei.

Nilifuata ushauri wenu wa kumpeleka kwa wapigaji wa bendi ya kanisa la Jeshi la Wokovu. Walimwanzisha na koneti, ala inayofanana na tarumbeta ila ni fupi kwa umbo. Bomba lake lina urefu sawa na la tarumbeta, ila limekunjwa zaidi, hivyo uzito unakaa karibu na kifua na mikono midogo haichoki upesi. Kwanza alitetemesha midomo kwenye kile kipande cha kupulizia peke yake, bzzz, mashavu yakiwa magumu. Sasa noti za chini zinatoka safi, na mimi moyo unanijaa kila nikimsikia.

Noti za juu bado, kwa sababu meno ya mbele yameng'oka. Tumekubaliana tusilazimishe.

Tarumbeta yangu niliiloweka kwa maji vuguvugu na sabuni mlivyosema. Pistoni, vile vitufe vitatu vya kubonyeza, zilikuwa zimekwama; sasa mbili zimeachia. Ya tatu bado imekwama, inangoja fundi.

Aliyetaja koneti, Mungu akubariki sana.