Tamthilia za zamani za upelelezi: nipimeje nafasi ya wahusika wasio Wazungu?

PichaNyeusi
Wakuu, naandaa uchambuzi wa tamthilia za upelelezi na ujasusi za Marekani, 1965 hadi 1975. Nikihesabu sura zisizo za Kizungu kwenye Hawaii Five-O, ile ya kikosi cha polisi cha Honolulu, Hawaii, idadi inatoka kubwa mno, na ukiitazama yenyewe unaona wazi mwenye mji ni nani. Nihesabu nini badala ya sura?

Mzee wa Msimu wa Kwanza
Pale sura hazikusaidii, wakazi wengi wa Honolulu si Wazungu, hata wapita njia watakujazia daftari. Hesabu maneno, tena kwa aina: nani anaamuru, nani anahoji mtuhumiwa, nani anatoa ripoti, nani anaitikia tu. Chin Ho Kelly (Kam Fong, ambaye kabla ya kuigiza alikuwa polisi kweli hapo Honolulu) na Kono (Zulu) wataangukia sana kwenye ripoti: wanaingia ofisini, wanasema walichokuta, wanatumwa tena. Amri ni za McGarrett, mkuu wa kikosi, na wa pili wake ni Danny Williams, Mzungu mwenzake.
Ongeza swali moja: tumewahi kuonyeshwa nyumbani kwa mhusika huyo, mke, watoto? Episodi nyingi jibu ni hapana.

Bi Rimoti
Tenganisha pia mhusika na mwigizaji, safu mbili. Wo Fat, jasusi wa China, aliigizwa na Khigh Dhiegh. Jina linakuhadaa, ila alizaliwa New Jersey akiitwa Kenneth Dickerson na hakuwa Mchina. Mwaka 1968 tamthilia hiyohiyo ilimpaka Ricardo Montalbán, mzaliwa wa Mexico, awe Mjapani. Columbo, tamthilia nyingine ya upelelezi, nayo mwaka 1975 ikampa Hector Elizondo wa New York uafisa wa ubalozi wa Suari, nchi ya Kiarabu ya kubuni. Ukitegemea orodha ya majina ya waigizaji inayopita mwishoni mwa episodi peke yake utakosea pande zote mbili.
Na kwenye ngumi na kuanguka, simamisha picha utazame shingo na viganja. Wazungu walikuwa wakipakwa rangi nyeusi waruke badala ya mwigizaji Mweusi. Chama cha Weusi wanaofanya kazi hiyo kilianzishwa 1967, na hilo lilikuwa mojawapo ya malalamiko yao.

Fundi Barney
Mzee, kipimo chako cha maneno kitamwonea Greg Morris. Kwenye Mission: Impossible (1966–1973), ya kundi la majasusi, Morris ni fundi wao Barney Collier: anakaa chini ya sakafu au ndani ya bomba la hewa, anatoboa, anaunga nyaya, dakika nzima hasemi kitu. Kwa hesabu yako ni bubu, kumbe mpango mzima unamngoja yeye. Weka safu ya “akiondolewa, kazi inakwama?”
I Spy (1965–1968), ya majasusi wawili, mmoja Mweusi na mmoja Mzungu, inataka jicho hilohilo. Kwa watu wa nje, yule Mweusi, Scott, ni mkufunzi anayemfuata mcheza tenisi wa Kizungu; kwa ndani ndiye msomi na mjuzi wa lugha nyingi. Andika vyeo vyote viwili. (Bill Cosby alipata tuzo tatu za televisheni za Emmy mfululizo kwa nafasi hiyo.)

Mzee wa Msimu wa Kwanza
Nakubali kwa Barney. Kwa Kono sikubali, yeye hanyamazi kwa sababu ya kazi, hajaandikiwa tu.

PichaNyeusi
Nichague episodi zipi?

Bi Rimoti
Episodi ya kwanza isisimame peke yake, mara nyingi hutengenezwa tofauti na zinazofuata. Chukua kila ya tano, misimu yote, maana watu hubadilika: Zulu aliondoka 1972. Get Christie Love!, ambamo Teresa Graves ni mpelelezi Mweusi wa polisi, ilidumu msimu mmoja tu, 1974–75, hiyo itazame yote.
Kagua na urefu. Episodi ya “saa moja” ya wakati ule ilikaribia dakika 50. Ukikuta ya 45, ilikatwa ili matangazo yaenee, na mkasi hupenda vile visehemu vya pembeni ambako akina Chin Ho ndipo wanapozungumza. Tafuta diski kamili kabla hujaanza kuhesabu.